Salamu Zilizogeuzwa Njiani

Kifungo aliporudi kutoka shule alikuwa na kazi zake zisizobadilika. Alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akaingia chumba cha mbele ambamo mama yake alishona nguo. Humo alifagia nyuzi, akaokota pini kwa sumaku, na kutenga vitambaa vilivyobaki: vikubwa kikapuni, vidogo kwenye mfuko wa kujazia mito. Jina lake halisi lilitajwa shuleni tu. Nyumbani na mtaani msichana huyu aliitwa Kifungo, kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha koti la mteja, na mama yake akalazimika kumweleza mwenye koti kwa nini lingechelewa kuwa tayari.

Mama yake aliitwa Fundi na kila mtu, hata na Baba alipotaka kumtania. Alikuwa na cherehani mbili za kukanyaga. Ya kwanza, iliyokuwa karibu na dirisha, ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya Dada. Tangu Kifungo apate akili aliwaona wawili hao wameketi hivyo, migongo imeinama, miguu inakwenda, wakizungumza bila kutazamana. Dada alifundishwa kukata, kutia kola na kupinda pindo lisiloonekana. Kifungo alifundishwa kuokota pini.

“Na mimi lini?” aliuliza mara nyingi.

“Miguu yako ikifika chini vizuri,” Mama alijibu.

Miguu ikafika. Mama hakuona.

Kisha Dada akabadilika. Alikuwa amemaliza shule na kutimiza miaka kumi na minane, na ilikuwa kana kwamba mtu amemwambia kuwa kuanzia siku hiyo kila neno la Mama lina jibu lake. Alikata nywele zake zote bila kumwuliza mtu. Alirudi jioni na hakusema alikotoka. Mama akikata shingo ya gauni kwa duara, Dada alisema wateja wa siku hizi wanataka shingo ya pembe. Mama akisema pembe hiyo haitakaa vizuri, Dada alisema itakaa, ila haitakaa kwa watu wa zamani.

Siku moja wakati wa chakula alisema, “Mama, nimepata kazi. Kwa Madamu.”

Kijiko cha Mama kikasimama hewani.

Madamu alikuwa fundi mwingine, upande wa pili wa soko. Karakana yake ilikuwa na cherehani za umeme, kioo kirefu cha kujitazama, na wasichana waliotembea na futi za kupimia shingoni kama madaktari. Wateja kadhaa wa Mama walikuwa wameshahamia huko, na Mama alipopita mtaa ule alikuwa akigeuza uso.

“Kwa nani?” aliuliza Mama, ingawa alikuwa amesikia.

“Kwa Madamu. Amenijaribu, amenikubali.”

“Mkono niliofundisha mimi, ndio ukamshonee yule?”

“Mkono ni wangu, Mama.”

Baba, ambaye alikuwa mwashi na aliyependa amani wakati wa kula, alikohoa. “Jamani, chakula kinapoa.” Hakuna aliyemsikia.

“Hapa kila nikitaka kujaribu kitu unaninyang'anya mkasi,” Dada aliendelea. “Nataka kushona vya kwangu. Nataka nikikosea, nikosee mwenyewe.”

“Basi nenda,” Mama alisema. “Nenda ukamwite yeye mama.”

Dada akaenda kweli. Alihamia chumba nyuma ya karakana, akakaa na msichana mwenzake wa kazi. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake akisubiri neno. Mama alikuwa akikanyaga cherehani kwa nguvu, kichwa chini. Kifungo ndiye aliyeona kwamba chini ya sindano hapakuwa na kitambaa chochote.

Kifungo alilia, kwa kuwa Dada alikuwa dada yake. Lakini alipofuta machozi aliitazama cherehani ya pili, kiti chake kikiwa kitupu, na moyo wake ukaruka. Sasa zamu yangu, aliwaza.

Haikuwa hivyo. Dada alikuwa ameondoka, lakini alijaa nyumba nzima. Mama aliendelea kupika chakula cha watu wanne, kisha akakitazama chungu kwa hasira. Kifungo alipoketi kwenye cherehani ya pili, Mama alisema, “Usisogeze hicho kiti, Dada yako hupenda kikae hivyo.” Alipojaribu kushona mstari ulionyooka, Mama alisema, “Dada yako katika umri wako alikuwa anatia zipu.” Dada yako, Dada yako. Kifungo alitamani kuziba masikio. Ni rahisi kushindana na mtu aliyepo, kwa sababu naye hukosea mbele ya watu. Dada hakuwepo, kwa hiyo hakukosea hata kidogo.

Mama na Dada hawakuzungumza. Dada alipopiga simu, Mama aliiacha ilie mpaka inyamaze, kisha akakaa akiitazama. Lakini njia ya kwenda shule ilipita mbele ya karakana ya Madamu, na hivyo Kifungo akawa mpeleka habari.

“Umemwona?” Mama aliuliza kila siku, akijifanya anatafuta uzi.

“Nimemwona.”

“Amekonda?”

“Hajakonda.”

“Mm,” Mama alisema, kana kwamba hilo nalo lilikuwa kosa.

Upande wa pili, Dada alitoka nje kila alipomwona Kifungo akipita. “Mama hajambo? Mgongo bado unamsumbua? Ameniuliza?” Kifungo alijibu, naye alirudi kazini akitabasamu.

Siku moja Kifungo alichungulia ndani ya karakana, akamwona Dada amesimama mbele ya meza kubwa ya kukatia. Madamu, mwanamke mnene mwenye miwani, alikuwa ameweka mkono begani mwa Dada na wote wawili walikuwa wakicheka. Kifungo alipofika nyumbani alisimulia alichokiona, hakuongeza hata neno.

Uso wa Mama ukabadilika. Alikata uzi kwa meno, ingawa mkasi ulikuwa mbele yake.

“Wanacheka, eh? Wacheke.” Kisha, kwa mara ya kwanza, alimtazama Kifungo kama mtu anayemwona. “Njoo hapa. Njoo nikuonyeshe jinsi ya kushika chaki.”

Mchana ule wote Kifungo alikaa ubavuni mwa mama yake. Alichora mistari, akaifuta, akachora tena. Mama alimshika mkono na kumwelekeza. Alimwita “fundi wangu mdogo.” Hakuna siku Kifungo aliyowahi kufurahi kama hiyo, na akilini mwake jambo moja likajishika kwa jingine: habari mbaya za Dada zilikuwa zimemletea kiti karibu na Mama.

Baada ya siku chache Dada alimkimbilia barabarani, macho yanang'aa.

“Kifungo, mdogo wangu, mwambie Mama hivi. Madamu ameiona mishono yangu ya ndani, akawaita wasichana wote waje kuitazama. Akaniuliza, ‘Nani aliyekufundisha?’ Nikamwambia ni Mama yangu. Umwambie hivyo hivyo, usisahau.”

Kifungo hakusahau. Alilirudia neno lile njia nzima, na kila aliporudia aliona picha moja: Mama anasimama, anatupa kitambaa, anakwenda upande wa pili wa soko mbio, na chaki inabaki mezani.

“Umemwona?” Mama aliuliza.

“Nimemwona. Amesema…” Kifungo aliitazama chaki mezani. “Amesema Madamu anajua kufundisha.”

“Kuliko mimi?”

Kifungo hakusema ndiyo. Aliitikia tu kwa kichwa, na kichwa kile kikafanya kazi ya ulimi.

Mama aliketi. Hakukasirika kama Kifungo alivyotarajia. Mabega yake yalishuka, na kwa muda alionekana kama mtu aliyebeba ndoo mbali sana. Lakini baadaye alimwita Kifungo, akamfundisha kutia uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha chini ya sindano, na Kifungo akajilazimisha kusahau yale mabega.

Baada ya kugeuza neno la kwanza, la pili halikumpa shida. Mama alipolegea na kusema, “Mwambie Dada yako Jumapili aje ale, mlango haukufungwa,” Kifungo alimfikishia Dada kwamba Mama bado ana hasira na afadhali asionekane kwanza. Dada alikwaruza ardhi kwa ncha ya kiatu.

“Amesema hivyo?”

“Ndiyo.”

“Haya. Mwambie nimesikia.”

Jumapili ile Mama alipika kuanzia asubuhi. Aliweka sahani ya nne mezani. Baba aliitazama, kisha akamtazama Mama. Jua lilipoanza kushuka Mama aliirudisha sahani kabatini ikiwa kavu, akasema, “Basi. Ana mama mwingine.” Kifungo alikula kila alichopewa, lakini hakikuwa na ladha.

Wiki iliyofuata Madamu alisafiri kwenda kununua vitambaa. Kifungo alipokuwa akitoka shule alimkuta Dada ameketi nje ya karakana, rangi imemtoka, kidole cha shahada kimezungushiwa kitambaa.

“Sindano ya cherehani imenichoma,” Dada alisema. “Imepita kabisa, ikakatika.”

“Umekwenda zahanati?”

“Si kitu, nimekiosha. Zile za umeme zina mbio, nilikuwa nawaza mambo mengine.” Alijaribu kucheka, kisha akaubana mkono ule kifuani, na ghafla hakuwa msichana mkubwa mwenye kazi na chumba chake. “Kifungo, mwambie Mama aje. Najua ana hasira, lakini aje akitazame tu. Mwambie nimemwomba.”

“Nitamwambia,” Kifungo alisema, na safari hii alikuwa amedhamiria kweli. Alikimbia. Alifika nyumbani akihema, akafungua kinywa.

“Umekuja!” Mama alisema. Juu ya meza alikuwa ametandaza kitambaa cha kijani chenye maua madogo meupe. “Unakiona hiki? Chako. Leo unakata gauni lako mwenyewe, mimi nasimama pembeni tu. Nawa mikono.”

Kifungo alisimama mlangoni. Akisema sasa, kitambaa kitakunjwa. Mama atakwenda, atamrudisha Dada nyumbani, na cherehani ya pili itarudi kwa mwenyewe. Nitasema tukimaliza, aliamua.

Walikata nyuma, mbele na mikono. Mkasi ulikuwa mzito, ukakwama mara kadhaa, na Mama hakumnyang'anya. Walipomaliza, jua lilikuwa limeshuka na hofu nyingine imezaliwa: Mama angeuliza kwa nini hakusema mapema. Nitasema kesho, Kifungo alijiambia. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi, na kesho yake tena. Akaanza kupita njia ya nyuma ya maghala ili asionwe na Dada. Mama alipouliza “Umemwona?” alijibu “Hakuwepo.” Gauni la kijani lilipokwisha lilimkaa vizuri, na kila alipojiangalia ndani yake alikiona kidole cha Dada.

Alasiri moja mtu alibisha hodi. Alikuwa Madamu, mwenyewe, na miwani yake, vumbi la safari bado liko viatuni.

Mama alinyooka. “Karibu. Umekuja kumchukua na huyu mdogo?”

Madamu hakuketi. “Fundi mwenzangu, sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kukuuliza swali. Nimerudi leo kutoka safari, nimemkuta binti yako ana homa, mkono umevimba mpaka kwenye kifundo. Nimemkimbiza hospitali. Ndani ya kidole mlibaki kipande cha sindano. Daktari anasema angechelewa kidogo tu, kidole kingekatwa. Amekuita, hukuja. Nataka kujua, wewe ni mama wa namna gani?”

Mama alishika ukingo wa meza. “Ameniita? Nani aliyeleta huo mwito?”

“Anasema alituma ujumbe.”

“Mtoto aliyesema wewe unajua kufundisha kuliko mimi? Mtoto niliyempikia akakataa kuja?”

Madamu alivua miwani. “Yupi huyo? Huyu wa kwangu hajui wimbo mwingine. ‘Mama yangu hutia kola hivi. Mama yangu hapindi pindo hivyo.’ Nimemwonyesha mtindo mpya, anasema ngoja kwanza nifikirie Mama angesemaje. Nikuambie ukweli, mwanamke mwenzangu? Nimekuwa nikikuonea wivu. Wasichana wangu wote nimewafundisha mimi, na hakuna hata mmoja anayenitaja hivyo.”

Kisha, polepole, wanawake wote wawili wakageuka kumtazama msichana aliyesimama kwenye kona na ufagio mkononi, amevaa gauni la kijani.

“Kifungo,” Mama alisema.

“Abee, Mama.”

“Dada yako alikutuma?”

Ufagio ulianguka. Kifungo alifunika uso. “Alinituma, Mama. Alinituma siku ile tulipokata gauni.”

Mama hakumpiga wala hakupiga kelele. Alichukua mtandio wake, akavaa viatu, akamshika Kifungo mkono kwa nguvu iliyouma, na watatu wale wakatoka.

Hospitalini, Dada alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, mkono umefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Alipomwona Mama aligeukia ukutani.

“Umekuja kwa sababu Madamu amekuleta,” alisema.

“Nimekuja kwa sababu sikujua, mwanangu. Na nimechelewa.” Mama alimsukuma Kifungo mbele. “Sema. Yote. Usipunguze, usiongeze.”

Kifungo alisema. Alisema kuhusu mishono iliyosifiwa na jinsi alivyoigeuza. Alisema kuhusu mlango ambao haukufungwa na sahani iliyobaki kavu. Alipofika kwenye kidole sauti ilimkatika, na Mama alisubiri mpaka irudi. Alimaliza akitazama miguu yake.

Dada alikuwa amegeuka. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura aliyoizoea asiione.

“Kwa nini?” aliuliza.

“Mama alikuwa anakutaja wewe tu. Hata ulipoondoka.”

“Toka nje,” Dada alisema kwa sauti ya chini. “Sitaki kukuona sasa hivi.”

Kifungo alitoka, akaketi kwenye benchi chini ya dirisha. Madamu aliketi upande wa pili wa benchi hilo. Dirisha lilikuwa wazi. Walisikia kilio, na baadaye sauti ya Mama.

“Nikikurudisha nyumbani nitakuuguza mwenyewe. Chumba chako kipo.”

“Nitakuja mpaka kipone, Mama. Kisha nitarudi kwangu.”

“Kwako! Chumba cha nyuma ya karakana ndicho kwako?”

“Ndicho. Kidogo, lakini nalipa mwenyewe. Nitakuja kukusalimu. Nitakupigia simu. Lakini sitarudi kuishi.”

Kifungo alisubiri zile kelele za zamani.

“Hata nikikwambia nimekuachia mkasi?” Mama aliuliza hatimaye.

“Hata hivyo.”

“Haya,” Mama alisema. Lilikuwa neno dogo, na lilitoka kwa shida kama jino. “Haya, mwanangu. Lakini ukichomwa tena unapiga simu wewe mwenyewe, na mimi naipokea. Hakuna kutumana.”

“Na zahanati ninakwenda siku hiyo hiyo. Nimejifunza.”

Dada alikaa nyumbani mpaka vidonge vilipokwisha na kidole kikaanza kukunjika. Muda wote huo hakumsemesha Kifungo ila kwa jambo la lazima. Nyumba ikawa nzito. Kifungo alimchotea maji, akamfulia, akamfungia vifungo vya blauzi ambavyo mkono mmoja haukuviweza. Asubuhi moja, wakati akivifunga, Dada alisema bila kumtazama, “Hicho cha juu umekiruka.” Halikuwa neno la msamaha, lakini lilikuwa neno, na Kifungo alilibeba siku nzima shuleni kama peremende mdomoni.

Dada akapona, akarudi kwake. Simu ya Mama ilipolia, ilipokelewa. Mara nyingine ilipokelewa, wakagombana, ikakatwa, ikapigwa tena.

Jumamosi moja mchana Dada alikuja kuwasalimu, akaketi na Mama kwenye benchi la chumba cha mbele. Alikuwa amevaa suruali aliyoishona mwenyewe, na Mama hakuweza kujizuia.

“Mfuko huo umekaa wapi? Gotini?”

“Ndipo inapotakiwa kukaa.”

“Nani amesema? Mtu akitaka leso yake apige magoti?”

“Mama, huu ni mtindo!”

“Mtindo wa kupoteza funguo.”

Baba alijificha nyuma ya gazeti. Lakini safari hii hakuna aliyeinuka. Baada ya muda Mama alikuwa ameivuta suruali ile kuutazama mshono wake, akautazama tena. “Hapa,” alisema, “hapa umenishinda.” Dada akacheka. Vichwa vyao viwili viliinama juu ya goti moja, wakizungumza bila kutazamana, kama zamani.

Kifungo alikuwa amesimama na ufagio. Kile kitu kikamrudia, kichungu kama dawa. Alikijua sasa, na alijua kilikompeleka. Aliweka ufagio chini.

“Mama,” alisema. “Naona wivu.”

Wote wakainua macho. Hata gazeti la Baba lilishuka.

“Wa nani?” Mama aliuliza.

“Wa Dada. Na wewe. Mkikaa hivyo, naona kama mimi sipo.”

Mama aliiachia suruali. Alinyoosha mkono, akamvuta Kifungo mpaka akasimama katikati yao.

“Nisikilize vizuri,” alisema, “na wewe Dada mtu usikilize, maana hili si la mdogo peke yake. Nilipoona mwanangu anacheka na fundi mwingine, niliumia. Nilihisi nimenyang'anywa. Ule ulikuwa wivu, lakini mimi niliuita hasira, nikauita heshima, nikakataa kupokea simu. Kwa hiyo uliponiletea uongo, Kifungo, haukubisha hodi. Ulikuta mlango wazi. Nilikuwa ninasubiri kusikia mabaya, ndiyo maana sikuuliza mara mbili.”

Alimgeuza amtazame usoni.

“Kuona wivu si kosa. Ukimpenda mtu, utauona. Kosa ni kuuficha, kisha kuuacha uchague maneno kwa ajili yako. Uliuficha, ukageuza salamu za watu wawili waliokuamini, na dada yako akakaribia kupoteza kidole. Leo umeusema. Umeona? Wivu umekuwa maneno tu, na maneno tunaweza kuyajibu. Nami nakujibu: nilikosea kukuona siku zile tu nilipomkasirikia mwingine. Hilo ni langu, nitalirekebisha. La kwako ni kusema kweli, hata ikiwa kweli hiyo inakuaibisha.”

“Ndiyo, Mama,” Kifungo alisema.

Dada akasogea, nafasi ndogo ikapatikana kwenye benchi kati yake na Mama.

“Bado nina hasira na wewe kidogo,” alimwambia. “Lakini keti. Nataka kukuonyesha jinsi mfuko huu ulivyoingia, kabla Mama hajaufumua.”

Kifungo akaketi. Baba alikunja gazeti lake na kuvuta pumzi kwa huzuni kubwa.

“Kwa kuwa tunasema ukweli,” alisema, “na mimi naona wivu. Watu watatu wamekaa pamoja, na hakuna aliyekumbuka chai yangu.”

Kwa mazoea Kifungo aliinuka kwenda jikoni. Mkono wa Mama ulimrudisha kwenye benchi.

“Wewe kaa hapa, tuna kazi,” Mama alisema. “Leo chai atapika mwenye wivu wake.”